Saa ya dhahabu na hesabu ya mizani

Katika vitu vyote ambavyo binadamu amevitengeneza kwa dhahabu, saa nyembamba ya mkono iliyotoka Uswisi kati ya miaka ya 1940 na 1960 ndiyo inayojitahidi zaidi isionekane. Mkufu humtangulia mwenye nao mlangoni. Pete huonekana kila kidole kinaponyooshwa. Saa hii hukaa chini ya mkono wa shati, upana wake ni milimita 33 au 35 tu, mkanda wake ni wa ngozi, na juu ya uso wake hakuna zaidi ya akrabu mbili tatu na vijiti vya kuonyesha saa. Kwa kawaida haina tarehe, haing'ai gizani, haina vitufe vya kupimia mbio. Mtu anaweza kuketi nayo kikaoni tangu asubuhi hadi jioni na aliyekaa kiti cha pili asijue kwamba jirani yake amevaa dhahabu.

Hata hivyo watu huzitafuta, huzigombania minadani, na wengine huzipenda kuliko saa mpya zenye bei mara kumi. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu haraka kwamba ni dhahabu, tena ya karati 18, tena ya zamani. Mimi naona jibu hilo limekosea mlango. Mvuto wa saa hizi hautoki kwenye dhahabu yake, na wanaozinunua kwa ajili ya dhahabu ndio wanaozimaliza. Sitii chumvi. Jambo hilo lina hesabu yake, nitalifikia.

Kwanza tuanzie zilikozaliwa. Geneva ya karne ya 16 ilikuwa na masonara hodari. Mwaka 1541 mageuzi ya dini ya Jean Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, yakapiga marufuku uvaaji wa vito, na masonara wale, ambao mikono yao ilishazoea kazi ndogondogo za madini ya thamani, wakageukia kitu ambacho hata mhubiri mkali angeona tabu kukikemea: chombo cha kujulia wakati. Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa waliingia mjini na ufundi wa saa, na mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva wakawa na chama chao. Kwa hiyo saa ya mji ule ilikuwa tangu mwanzo pambo lenye kisingizio. Kisingizio hicho hakijawahi kuiacha. Ukiishika leo saa ya Vacheron Constantin, kampuni ya Geneva, ya miaka ya 1950 unahisi bado kuna mtu anaogopa kukaripiwa: dhahabu ipo, lakini imesuguliwa ikatulia, imekunjwa kwenye kingo nyembamba, na sehemu kubwa ya uso imeachwa wazi.

Umbo lenyewe lilipata sura yake kamili mwaka 1932. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, Patek Philippe ilikuwa taabani, na ndugu wawili, Jean na Charles Stern, ambao karakana yao ilikuwa ikitengeneza nyuso za saa, wakainunua kampuni. Mwaka huohuo ikatoka saa yenye namba 96, iliyokuja kujulikana kama Calatrava. Ni duara la milimita 31 hivi, lenye masikio manne ya kushikia mkanda yanayoteremka kutoka kwenye kasha bila kuonyesha yalikoanzia. Mawazo ya shule ya Bauhaus ya Ujerumani, kwamba umbo la kitu lifuate kazi yake, yalikuwa yameenea wakati ule, na saa hii iliyachukua ikayapeleka kwa watu matajiri ambao pengine hawakuwahi kuyasikia. Karibu kila saa ya suti iliyofuata, iwe ya nyumba, yaani kampuni, kubwa au ndogo, imesoma kwenye daftari la namba 96.

Kilichofanya umbo hilo lidumu ni kwamba halina pa kuficha kosa. Saa yenye vitufe vitatu na visahani vinne inaweza kuwa na kasoro mbili na jicho lisizione. Kwenye uso mtupu, akrabu ikiwa fupi kwa nusu milimita, saa nzima inaonekana imechoka. Maandishi kwenye nyuso bora za Geneva yalichongwa kwanza, mifereji ikajazwa enameli, yaani unga wa kioo wenye rangi, kisha uso ukaingizwa kwenye moto. Ndiyo maana baada ya miaka 70 jina bado lina weusi mkali na ukipitisha kidole unahisi mwinuko. Vijiti vya saa vilikuwa vya dhahabu, vyenye miguu midogo iliyopita kwenye matundu ya uso na kukazwa kwa nyuma. Kazi yote hiyo ilifanywa ili mtazamaji aseme tu kwamba saa ni ya kawaida lakini inapendeza. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami siwezi kuona saa za kisasa za milimita 44, zenye kasha kama kifuniko cha sufuria, bila kuukumbuka msemo huo.

Lakini uzuri wa uso bado ni nusu ya habari. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni wembamba.

Kuifanya saa iwe nyembamba si kuipiga tupa. Ndani yake kuna magurudumu yanayopishana, moja likipita juu ya lingine bila kugusana. Kadiri unavyopunguza unene ndivyo nafasi kati yao inavyobana, hadi chembe ya vumbi, tone la mafuta lililozidi au bamba lililopinda kidogo kabisa litoshe kusimamisha kila kitu. Springi kuu nayo hulazimika kuwa na kimo kidogo, kwa hiyo nguvu yake hupungua, na magurudumu lazima yazunguke kwa msuguano haba ili nguvu hiyo ndogo iwafikie wote. Fundi anayeunganisha mashine ya namna hii hawezi kufidia kosa la milimita kwa kukaza skrubu. Mwaka 1955 Vacheron Constantin, nyumba iliyoanzishwa 1755, iliadhimisha miaka 200 kwa mashine ya kutia ufunguo iliyoitwa 1003, yenye unene wa milimita 1.64. Sarafu ya faranga moja ya Uswisi ina unene wa milimita 1.55. Tofauti hiyo jicho haliioni, na katika unene unaokaribia ule wa sarafu wamepanga zaidi ya vipande 100, na vinatembea. Kampuni ya Audemars Piguet walikuwa na ndugu wa mashine hiyo, 2003, na chimbuko la zote mbili ni karakana za LeCoultre katika bonde la Vallée de Joux, mahali ambapo majira ya baridi ni marefu na kazi za mikono za ndani ya nyumba zilikuwa sehemu ya maisha.

Piaget wa kijiji cha La Côte-aux-Fées walikuja na yao, 9P, mwaka 1957, milimita 2 kamili. Mwaka 1960 wakaenda mbali zaidi: 12P, mashine inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, milimita 2.3 tu. Kwa kawaida saa ya aina hiyo hubeba bamba zito linalozunguka juu ya mashine, na hapo unene huongezeka. Wao walilipunguza bamba hilo wakalizamisha ndani, sambamba na magurudumu. Kipande kidogo kama hicho kingekosa uzito wa kutosha kuivuta springi, hivyo wakatumia dhahabu. Hapo ndipo dhahabu ilipofanya kazi ya kweli katika saa hizi, ndani kabisa, mahali ambapo mvaaji haioni, na iliteuliwa kwa uzito wake wala si kwa rangi.

Kuna wanaodhani kwamba saa za suti zilikuwa vito vyenye mashine ya kuzugia. Baadhi zilikuwa hivyo, sikatai. Lakini kipindi ninachokizungumzia kilikuwa kilele cha elimu ya karne nzima. Charles Édouard Guillaume, mtoto wa Fleurier huko Uswisi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa utafiti wake wa aloi za chuma na nikeli ambazo hazibadiliki sana kwa joto na baridi, na elimu hiyo iliingia moja kwa moja kwenye springi nyembamba inayoongoza mwendo wa saa. Rubi za kutengenezwa, ambazo Auguste Verneuil alizitangaza mwaka 1902, zilifanya iwezekane saa ya bei ya kati kuwa na vito 17 vya kupunguzia msuguano. Kinga ya mshtuko ya Incabloc ilifika 1934. Mashine ya Zenith 135 ilishinda mashindano ya usahihi ya kituo cha uangalizi wa nyota cha Neuchâtel miaka mitano mfululizo, 1950 hadi 1954. Saa ya enzi hiyo kwa kawaida hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani 432,000 kwa siku. Ikipoteza sekunde 10 kwa siku watu huilalamikia, ilhali siku ina sekunde 86,400. Imekosea sehemu moja tu katika kila 8,640. Sijui kazi nyingi za kibinadamu zenye kiwango hicho, na hakika yangu si mojawapo.

Sasa ile hesabu.

Chukua kasha la saa la gramu 15, karati 18. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000. Zilizobaki huwa shaba na fedha, na shaba ikizidi dhahabu huwa ya waridi. Katika gramu 15 kuna dhahabu safi gramu 11.25, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya wakia, maana wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Tangu 1934 hadi Agosti 1971 Marekani ilishikilia bei ya wakia moja kwenye dola 35. Kwa bei hiyo, dhahabu ya kasha letu ilikuwa na thamani ya dola 13 hivi. Mnunuzi wa mwaka 1955 hakuwa akilipia madini. Alilipia vidole vya watu, na dhahabu ilikuwa bahasha.

Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ikaanza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwotsi, yaani inayoendeshwa kwa betri na mtetemo wa fuwele, kuingia madukani, kwa yeni 450,000. Kasha lake lilikuwa la dhahabu ya karati 18. (Mnyongaji alikuja amevaa nguo za marehemu mtarajiwa.) Miaka michache baadaye kwotsi ilikuwa nafuu kwa kila mtu, na wembamba ambao Geneva na Vallée de Joux waliuhangaikia kwa vizazi ukapatikana kwa betri. Ajira katika saa za Uswisi zilishuka kutoka watu kama 90,000 mwaka 1970 hadi zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa ya kutia ufunguo ikawa kitu cha babu. Kisha, Januari 1980, wakia moja ya dhahabu ikagonga dola 850.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Kazi ya fundi haina soko, na kasha lililokuwa na dhahabu ya dola 13 sasa lina dhahabu ya dola 300 na ushee. Sonara akaweka saa juu ya mizani, akang'oa mashine, akaitupa kando, akayeyusha lililobaki. Ndiyo sababu mpaka leo unakutana na mashine za Omega, Longines au IWC zinazouzwa zikiwa uchi, na uso wake na akrabu zake, bila kasha. Kwa hiyo zilizobaki hazituonyeshi kiasi kilichotengenezwa. Zinatuonyesha zile ambazo wakati fulani kuna mtu aliambiwa bei ya gramu akakataa, au alikufa kabla ya kuambiwa, au alikuwa amezisahau kwenye droo.

Na hali hiyo haijaisha. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000. Kwa bei hiyo kasha letu la gramu 15 lilibeba dhahabu ya dola 1,400 na zaidi. Kwa Patek Philippe haina neno, jina linailinda. Kwa saa ya nyumba iliyokufa zamani, au hata Longines ya kawaida iliyochakaa, bei ya mkusanyaji na bei ya tanuri zimekaribiana mno, na pengine tanuri limetangulia. Anayeniambia kwamba saa ya dhahabu ni uwekezaji mzuri kwa sababu dhahabu inapanda huwa namsikiliza kwa wasiwasi. Anachokisifu ndicho kinachoitishia.

Soko la minada lenyewe halitoi msaada mkubwa, kwa sababu soko hulipa uhaba, na wakati mwingine kelele. Patek Philippe 1518, saa ya kalenda na ya kupimia mbio iliyoanza 1941, ilitengenezwa vipande 281, karibu vyote vya dhahabu. Vinavyojulikana vya chuma cha pua ni vinne. Kimoja kati ya hivyo vinne kiliuzwa Geneva Novemba 2016 kwa zaidi ya faranga milioni 11, mbali kabisa na bei za wakati ule za dada zake wa dhahabu. Mwaka 1972 msanifu Gérald Genta alikuwa amekwisha kuwachorea Audemars Piguet saa ya Royal Oak, chuma kitupu cha milimita 39 kilichouzwa kwa bei iliyozidi saa nyingi za dhahabu za wakati ule, na tangu hapo chuma ndicho kimekuwa kipenzi cha wenye fedha mpya. Sina ugomvi na Royal Oak. Ni kazi ya akili kubwa. Ila imetuacha katika hali ya ajabu ambapo saa ya dhahabu yenye mashine bora ya mwaka 1955 mara nyingi hugharimu chini ya saa mpya ya chuma iliyotoka kiwandani kwa maelfu. Mimi kama mpenzi wa saa nashukuru. Kama mtu mwenye busara ya biashara, nisingekushauri uziweke kama akiba ya uzeeni.

Anayetaka kununua aangalie kona kabla ya jina. Dhahabu ya karati 18 ni laini kuliko chuma, na kila mara kasha linapong'arishwa, kuna dhahabu inayoondoka. Baada ya kung'arishwa mara nne au tano, masikio ya mkanda huwa ya mviringo, kingo hupotea, na mihuri hufifia. Mihuri hiyo ni ya kutafuta kwa lenzi: kichwa cha mwanamke, Helvetia, anayeiwakilisha Uswisi, kwa dhahabu ya karati 18; kindi kwa karati 14. Ukikuta kichwa cha mbwa wa Saint Bernard, kasha lilipigwa mhuri kuanzia Agosti 1995, na anayekuuzia kama saa ya 1950 ana maelezo ya kutoa. Kwenye nyuso za kuanzia mwaka 1973 utaona pengine herufi ndogo ya Kigiriki, sigma, pande zote mbili za neno linaloitaja Uswisi. Hiyo ilikuwa alama ya kwamba akrabu na vijiti ni vya dhahabu. Uso wenye madoa ya uzee ni bora kuliko uliopakwa upya. Uliopakwa upya huwa msafi mno, na herufi zake hunenepa. Boksi la saa na risiti ya kwanza vikiwepo ni vizuri zaidi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika jambo moja natofautiana na wakusanyaji wengi. Wao huchukia saa iliyochongwa maneno nyuma: fulani kwa fulani, miaka 25 ya kazi, kwa baba kutoka kwa wanawe. Husema inashusha bei, na ni kweli. Wengine huyafuta kwa mashine, na kasha likapungua unene. Kwangu maneno yale ndiyo sehemu pekee ya saa ambayo kiwanda hakikuweza kuitengeneza. Omega nyembamba ya dhahabu aliyoivaa John F. Kennedy akiapishwa, 20 Januari 1961, alipewa na rafiki yake Grant Stockdale mwaka 1960, ikiwa imeshachongwa nyuma maneno yanayomwita Rais wa Marekani wakati kura bado hazijapigwa. Rafiki alikuwa amecheza kamari kwenye dhahabu. Mwaka 2005 Omega wenyewe waliirudisha kwa kuinunua mnadani dola 350,000, na hakuna aliyependekeza maneno yafutwe. Tofauti ya saa hiyo na ile ya karani aliyestaafu ni umaarufu wa majina tu. Nia ni ileile.

Zina usumbufu wake, nisije nikaonekana nimelewa mapenzi. Makasha mengi hufungwa kwa kubanwa, hivyo maji huingia. Hata kunawa mikono kunataka tahadhari. Mafuta ya ndani hukauka, na saa inahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi kila baada ya miaka michache, iwe inavaliwa au la. Zile nyembamba kupita kiasi, zenye mashine ya milimita mbili kushuka chini, hazipendi kupigwapigwa, na mafundi wenye subira nazo wanapungua. Kwa mtu anayetaka saa moja ya kila siku, ya msibani, uwanjani na bafuni, hii si yake.

Kwa aliyebaki, chaguo langu ni wazi: Omega, Longines au IWC ya miaka ya 1950 ambayo masikio yake bado yana kona, uso wake haujaguswa na mihuri yake inasomeka, kuliko jina kubwa lililong'arishwa likawa sabuni. Chukua hata ile yenye jina la mtu mwingine nyuma. Na muuzaji akitaja bei iliyozidi kidogo tu ile ya kuyeyusha, sishauri kuvutana naye kwa muda mrefu, kwa sababu mnunuzi wa pili anayempigia simu ana tanuri.